Gitaa Lenye Mabawa

 Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za chombo kimoja cha muziki. Ni gitaa la umeme lenye umbo la ajabu, ambalo lilipotokea madukani mara ya kwanza watu walilitazama, wakashangaa, wakaenda zao bila kulinunua. Na baadaye likawa miongoni mwa magitaa yatamaniwayo sana na wapigaji wa muziki wa roki. Swali letu ni hili: kwa nini? Ubao uliochongwa kama mshale wampa mpigaji kitu gani ambacho ubao wa mviringo haumpi? Swali hili si dogo. Wako vijana wengi watoao akiba yao yote kununua chombo kwa kuvutwa na macho, na ni vema wajue macho yao yawaambia kweli kwa kiasi gani.

Kwa kuwa ninyi mtusikilizao hamwezi kuliona gitaa lenyewe, twaeni karatasi na kalamu, mwandike herufi V, kubwa, ya kujaza karatasi. Kisha, kutoka kwenye ile ncha ambapo mistari miwili hukutana, pigeni mstari mmoja mrefu ulionyoka kwenda upande wa nje. Mstari huo ndio shingo la gitaa, na mikono miwili ya V ndiyo mwili wake. Mwisho wa shingo, pale penye vigingi vya kukazia nyuzi, choreni kichwa kilichochongoka kama cha mkuki. Lote pamoja ni mfano wa mshale ulioachwa na upinde: kichwa mbele, mabawa mawili nyuma. Gitaa hili lilitengenezwa na kiwanda cha Gibson, nalo likaitwa Flying V, maana yake ni V irukayo.

Ili tufahamu ajabu yake, yatupasa kwanza kukumbuka jinsi vyombo vya nyuzi vilivyo. Tazameni udi upigwao katika taarabu: mgongo wake ni kama nusu ya boga, na uso wake ni ubao mwembamba. Uzi peke yake hauna sauti ya haja. Ukiufunga baina ya misumari miwili ukutani na kuugusa, utasikia mlio mdogo tu. Lakini ukiufunga juu ya tumbo lenye hewa, ubao ule mwembamba hutikisika pamoja na uzi, na hewa iliyomo ndani hutikisika pia, ndipo sauti hutoka kubwa. Hivyo ndivyo lilivyo gambusi, ndivyo lilivyo zeze la kibuyu, na ndivyo lilivyo gitaa la kawaida. Tumbo ndilo koo la chombo. Kwa hiyo fundi wa zamani hakuwa huru kuchonga apendavyo. Akiliharibu tumbo, ameiharibu sauti.

Gitaa la umeme liliivunja sheria hiyo. Chini ya nyuzi zake, ambazo ni za chuma, huwekwa sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa katika waya ule, nao hupanda na kushuka sawasawa na mtikisiko wa uzi. Uzi wa tano wa gitaa, ukikazwa ipasavyo, hutikisika mara 110 kwa sekunde moja. Basi na umeme nao hufuata mwendo ule ule. Kutoka hapo huenda kwenye amplifaya, ambayo huukuza, kisha hufika kwenye spika, na spika huugeuza kuwa sauti tena. Mojawapo la magitaa ya kwanza ya namna hii lilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Lilikuwa na mwili mdogo wa mviringo na shingo ndefu, na watu wakalipa jina la Kikaango. Mwaona kuwa tangu siku za kwanza umbo la gitaa la umeme liliwapa watu neno la kusema.

Walakini wapigaji wengi waliendelea kutumia magitaa yenye tumbo, wakiyatia sumaku tu. Hapo wakapata taabu. Amplifaya ilipotiwa nguvu, sauti iliyotoka kwenye spika ilirudi kulitikisa tumbo la gitaa, tumbo likazitikisa nyuzi, nyuzi zikatuma umeme mwingine kwenye amplifaya, na mara moja chombo kikaanza kulia chenyewe kwa ukelele usiokoma. Dawa ilikuwa kuliondoa tumbo, na kuzifunga nyuzi juu ya ubao mgumu usio na uwazi ndani.

Mmoja wa walioitafuta dawa hiyo alikuwa mpigaji gitaa wa Marekani aitwaye Les Paul, aliyezaliwa mwaka 1915 na kufariki mwaka 2009. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alitwaa kipande cha gogo la msonobari, akakitia shingo, nyuzi na sumaku, akakipeleka mbele ya watu. Yeye mwenyewe alisimulia kuwa watu hawakuvutwa. Ndipo akalipasua gitaa la kawaida katikati, akavipachika vile vipande viwili huku na huku ubavuni mwa gogo, hata likaonekana kama gitaa. Vipande vile havikuongeza chochote katika kazi ya nyuzi na sumaku; lakini aliporudi nalo, watu walipendezwa. Les Paul alijifunza kuwa wanadamu husikiliza kwa macho pia. Twawaomba mkumbuke kisa hiki, maana tutakirudia.

Baada ya vita vya pili vya dunia, magitaa ya ubao mgumu yalianza kuuzwa kwa wingi. Katika jimbo la California, fundi Leo Fender alitoa gitaa lake la kwanza la namna hiyo mwaka 1950, na mwaka 1954 akatoa lile liitwalo Stratocaster, lenye kingo zilizolainishwa ili lisiumize mbavu za mpigaji. Kiwanda cha Gibson kilikuwa mbali na hapo, katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Kilianzishwa mwaka 1902, nacho kilisifika kwa kazi nzuri ya mikono, magitaa yenye matumbo ya kuvimba na rangi za kung'aa. Kilikuwa kimekwisha kutoa gitaa la ubao mgumu mwaka 1952, lililoitwa kwa jina la yule yule Les Paul. Lakini sifa ya uzee ilikiganda. Watu wa biashara walisema kuwa Gibson ni kiwanda cha mababu, na mambo mapya yatoka California.

Mkuu wa kiwanda siku zile alikuwa Bwana Ted McCarty. Maneno hayo hakuyapenda, akaazimia kuyajibu kwa vitendo. Kumbukeni pia ile ilikuwa miaka gani. Motokaa za Marekani zilikuwa zikitengenezwa na mapezi marefu nyuma kama mikia ya ndege, na mwezi wa Oktoba 1957 Warusi wakarusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na wanadamu kuizunguka dunia kutoka juu. Kila kitu kilitaka kufanana na kitu kirukacho. Basi mwaka huo huo wa 1957 Gibson kikaomba hati za kuyalinda maumbo matatu mapya ya magitaa. La kwanza ndilo hili lenye mabawa. La pili liliitwa Explorer, lenye pembe zilizokwenda upande kama radi ikatayo mbingu. La tatu halikupelekwa sokoni miaka ile.

Flying V lilitoka mwaka 1958, na bei yake ilikuwa dola 247 na senti 50. Lilikuwa na sumaku mbili za aina mpya iliyobuniwa na fundi wa Gibson aitwaye Seth Lover. Kila moja ilikuwa na mizingo miwili ya waya iliyopangwa kinyume, ili uvumi wa umeme uingiao katika mzingo mmoja ufutwe na ule uingiao katika wa pili. Nyuzi zilipita katikati ya mwili na kufungwa nyuma. Tena, kwa kuwa V haina kiuno cha kulaza pajani, mafundi walibandika ukanda wa mpira kwenye ukingo wa bawa la chini, ili gitaa lisiteleze mpigaji akiketi.

Sasa twafika kwenye jambo litakalowapendeza ninyi mliao karibu na misitu yetu ya Afrika. Magitaa yale ya kwanza hayakuchongwa kwa mbao za Marekani. Mti wake ni limba, ambao huota katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, tangu Sierra Leone mpaka Kongo na Angola. Ni mti mrefu, wa ubao mwepesi wenye rangi ya manjano iliyofifia. Wafanya biashara wa mbao wa Marekani waliupa jina la Korina, na kwa jina hilo ndilo wapenda magitaa huutaja hata leo. Wataalamu wa mimea huuweka mti huu katika jamii moja na mkungu, ule upandwao kwa ajili ya kivuli katika miji ya pwani yetu. Kwa hiyo mtu wa Mombasa au wa Bagamoyo aketiye chini ya mkungu yu chini ya ndugu wa mti uliotoa magitaa haya mashuhuri.

Je, biashara ilikwendaje? Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini safari hii kizuri hakikujiuza. Vitabu vya kiwanda vyaonyesha kuwa magitaa 81 ya Flying V yalipelekwa madukani mwaka 1958, na 17 tu mwaka 1959. Jumla ni 98. Lile la Explorer lilikwenda vibaya zaidi. Yasimuliwa kuwa wenye maduka wengine waliitundika V dirishani iwe alama ya kuwavuta wapita njia, kisha wakawauzia magitaa mengine. Kiwanda kikaacha kuyatengeneza, na vipande vilivyobaki vikaunganishwa pole pole katika miaka iliyofuata. Kwa hesabu ya biashara, Bwana McCarty alikuwa ameshindwa.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyogeuka. Miongoni mwa wachache walioyanunua alikuwamo Albert King, mtu mweusi mwenye mwili mkubwa, aliyezaliwa mwaka 1923 huko Indianola katika jimbo la Mississippi, kwenye shamba la pamba. Kabla ya kupata riziki yake kwa muziki alifanya kazi ya kuendesha buldoza. Albert King alitumia mkono wa kushoto. Magitaa ya madukani yalichongwa kwa ajili ya watu wa mkono wa kulia: mengi yana upande mmoja uliokatwa ili vidole vya mkono wa shingoni vifike juu, na upande wa pili umeachwa mzima. Mtu wa mkono wa kushoto akiligeuza gitaa la namna hiyo, ule upande uliokatwa huwa juu, na upande mzima humzuia vidole. Lakini herufi V haina upande. Igeuze juu chini au uigeuze ubavu, mikono yake miwili ni sawa. Albert King aligeuza gitaa lake, wala hakuzibadili nyuzi, hata uzi mnene ukawa chini na uzi mwembamba ukawa juu. Akawa akizivuta nyuzi kwenda chini kwa nguvu za vidole vyake vikubwa, na sauti ikalia kama mtu mwenye uchungu. Gitaa lake alilipa jina la mwanamke, Lucy. Mwaka 1967, katika mji wa Memphis, alitoa santuri yake kubwa, Born Under a Bad Sign, na vijana wa Uingereza wakajifunza kwake.

Mwingine alikuwa Lonnie Mack, kijana wa jimbo la Indiana. Alinunua gitaa lake mwaka 1958, angali na miaka 17, nalo likajulikana kwa namba, Namba 7. Mwaka 1963 alipiga wimbo usio na maneno uitwao Memphis, gitaa likishika mahali pa mwimbaji, nao ukafika nafasi ya 5 katika orodha ya nyimbo zilizopendwa Marekani. Hapo ndipo watu wengi walipotambua kuwa gitaa la umeme laweza kusimama mbele peke yake.

Mbegu hizo mbili zikaota. Mwaka 1965 Dave Davies wa bendi ya The Kinks ya Uingereza alilinunua moja huko Marekani, akaonekana nalo katika televisheni. Mwaka 1967 Gibson kikalirudisha gitaa sokoni, safari hii kwa mti wa mahogani. Jimi Hendrix, mpigaji mwingine wa mkono wa kushoto, alipata moja la mwaka huo, akalipaka michoro kwa mkono wake mwenyewe. Na mwezi wa Agosti 1970, katika tamasha la kisiwa cha Wight huko Uingereza, alipiga Flying V nyeusi iliyotengenezwa kwa mkono wa kushoto. Mwezi uliofuata akafariki dunia.

Katika miaka ya 1970 na 1980 muziki wa roki ulizidi uzito na kishindo, na magitaa yenye ncha yakawa kama nembo yake. Ujerumani walitokea ndugu wawili, Rudolf na Michael Schenker, na wote wawili V ikawa alama yao. Uingereza alikuwako K. K. Downing wa Judas Priest. Lile umbo la radi, Explorer, nalo likafufuka: mwaka 1978 kijana wa Ireland aitwaye The Edge, wa bendi ya U2, alilinunua moja katika mji wa New York, akatengeneza nalo sauti nyembamba ya kengele isiyofanana na kishindo cha wenzake, na James Hetfield wa Metallica alitumia umbo lile lile kwa muziki mzito kama nyundo. Kijana mwingine, Randy Rhoads, alikwenda kwa fundi Grover Jackson na fikira ya V ambayo bawa moja lapita jingine kwa urefu. Gitaa hilo likatengenezwa, lakini mwenyewe hakukaa nalo sana, kwa maana tarehe 19 Machi 1982 alikufa katika ajali ya ndege, akiwa na miaka 25. Umbo alilolitaka lingali likichongwa.

Basi, twarudi kwenye swali letu. Umbo hili lina mvuto gani? Twaona sababu nne.

Sababu ya kwanza ni macho. Mpigaji wa roki husimama jukwaani mbele ya watu maelfu, na aliye nyuma kabisa hamwoni uso wala vidole. Gitaa la mviringo, kwa umbali ule, ni doa tu. Lakini V huonekana hata katika giza lenye moshi na taa za rangi. Watu hujua nani amesimama pale kabla hajagusa uzi.

Sababu ya pili ni mkono. Kwa kuwa mabawa yametupwa nyuma, karibu shingo zima limebaki nje ya mwili, na vidole hufika bila kizuizi kwenye vile vyuma vya mwisho ambako ndiko ziliko sauti za juu kabisa. Mpigaji wa roki hupenda kupandisha wimbo mpaka kilele, na hapo umbo lamsaidia kwa kweli. Kwa mtu wa mkono wa kushoto, kama tulivyoona, ulikuwa ni mlango uliofunguliwa.

Sababu ya tatu ni mwili wa mpigaji mwenyewe. Mpiga udi huketi. Chombo chake kimetengenezwa kikumbatiwe. V haitaki kuketiwa. Imwambia mtu: Simama! Ukiivaa kwa mkanda begani, huwezi kuinama kwa haya kama mtu anayetaka kujificha. Na muziki wa roki, tangu ulipozaliwa, umekuwa muziki wa vijana waliosimama na kusema kuwa wapo.

Sababu ya nne ni ukoo. Ashikaye V leo ashika pamoja nayo kumbukumbu ya Albert King, ya Hendrix, na ya wengine waliopita. Mwaka 1958 gitaa hili lilikuwa halina ukoo. Lilikuwa umbo tupu, ndiyo maana wanunuzi hawakujua walifanyie nini. Kiwanda kilichonga ubao, lakini maana iliongezwa na wapigaji. Tangu siku hizo mtu anunuapo gitaa hili hununua na maana hiyo pia. Ndiyo sababu yale machache ya kwanza, ambayo dola 247 zilionekana nyingi, yamekwisha kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000 kila moja.

Lakini haki yataka tuseme na ubaya wake. Gitaa hili ni taabu kwa mtu anayejifunza nyumbani, maana kujifunza hufanywa zaidi kwa kuketi, nalo huteleza pajani usipoliweka bawa moja katikati ya mapaja. Ncha zake hugonga milango na kubanduka rangi. Halikai katika sanduku la gitaa la kawaida, bali lataka sanduku lake lenyewe, kubwa na zito. Kwa mtu asafiriye kwa basi, na mizigo ya wenzake imejaa, hilo si jambo dogo.

Tena liko jambo kubwa kuliko yote hayo. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wale waliosikia Memphis ya Lonnie Mack kwa redio mwaka 1963 hawakuona mabawa yoyote. Walisikia uzi, sumaku, amplifaya, na juu ya yote, mkono wa mtu. Katika redio umbo halipiti. Twaweza kutoa mfano wa karibu zaidi. Mwaka 1952, huko Jadotville katika Katanga, mji uitwao leo Likasi, Hugh Tracey alimnasa katika santuri kijana aliyeimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa la kawaida la sanduku, lisilo na umeme. Jina lake ni Mwenda Jean Bosco, na wimbo wake Masanga ulisikiwa mbali sana na Katanga. Wengi walioupenda hawakupata kumwona mpigaji wala gitaa lake. Walihesabu vidole kwa masikio tu, na wengine wakadhani kuwa ni watu wawili wapigao pamoja.

Je, kumbe Les Paul alikosea aliposema watu husikiliza kwa macho? Hasha, hakukosea. Gogo lake bila mabawa halikupewa nafasi ya kusikilizwa. Lilipovikwa mabawa, lilisikilizwa. Umbo huita watu waje karibu. Wakiisha kufika, umbo halina neno jingine la kusema, na kazi iliyobaki ni ya vidole. Albert King angalikuwa mpigaji dhaifu, Lucy angalikuwa mzaha wa dukani mpaka leo. Na kama yeye na wenzake wasingalilitwaa lile gitaa lililokataliwa, huenda lingalisahauliwa pamoja na motokaa zenye mapezi.

Kwa hiyo kijana ukiliona gitaa la namna hii, usione haya kulipenda. Kupenda umbo zuri si upuuzi, na moyo uliovutwa hujifunza kwa bidii kuliko moyo uliolazimishwa. Lakini kabla hujatoa fedha, lishike, ukae nalo, usimame nalo, ujiulize kama mikono yako yalitaka au ni macho peke yake. Na kama huna fedha za kulinunua, usidhani mlango umefungwa. Uzi wa tano wa gitaa kuukuu lililofungwa kwa waya, ukikazwa ipasavyo, hutikisika mara 110 kwa sekunde, sawasawa na ule wa gitaa la dola laki moja.

Haya ndiyo maneno yetu ya leo.